Kumbukumbu zilizoondoa hofu ya damu: somo kutoka Stockholm

Je, damu ya mtu mwenye saratani ambayo haijagunduliwa inaweza kumwambukiza ugonjwa huo anayeongezewa? Swali hilo liliwasumbua madaktari na wagonjwa kwa miaka mingi, kwa kuwa saratani huweza kujificha mwilini muda mrefu kabla ya kujulikana. Mwaka 2007 jibu la kutuliza moyo lilitoka Stockholm, mji mkuu wa Sweden.

Dkt. Gustaf Edgren wa Taasisi ya Karolinska, pamoja na watafiti wenzake wa Sweden na Denmark, walichunguza kumbukumbu za watu zaidi ya 354,000 walioongezewa damu kati ya mwaka 1968 na 2002. Kati yao, takriban 12,000 walikuwa wamepewa damu ya watu waliokuja kugundulika kuwa na saratani katika kipindi cha miaka mitano baada ya kuitoa. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba hatari ya watu hao kupata saratani haikuzidi ile ya wenzao.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika tiba ya saratani yenyewe. Dawa kali zinazoua seli za saratani hudhoofisha pia uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa. Mgonjwa hupungukiwa damu, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda zikipungua mno, anaweza kuvuja damu hadi kufa. Chembe hizo hazihifadhiki zaidi ya siku chache. Kwa hiyo hospitali inayotibu saratani huhitaji watoaji damu kila juma, si wakati wa maafa pekee.

La kuzingatia ni kwamba utafiti huo haukutegemea mtambo wa ajabu. Sweden ilianza kuwapa wakazi wake namba ya utambulisho mwaka 1947, na rejesta ya taifa ya saratani ikaanzishwa mwaka 1958. Kumbukumbu za benki za damu zilipounganishwa na rejesta hiyo, mtoaji na mpokeaji waliweza kufuatiliwa kwa miongo kadhaa.

Afrika Mashariki nayo si ngeni katika tiba hii. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967, na Dar es Salaam ina Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Hata hivyo, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, nchi tajiri hupata michango ya damu 31.5 kwa kila watu 1,000, ilhali nchi maskini hupata mitano tu. Mara nyingi jamaa wa mgonjwa ndio wanaoombwa kutafuta watoaji. Ndugu hutoa damu siku hiyo, kisha hawaonekani tena.

Wapo watakaosema kwamba Sweden ni tajiri na mfano wake hautufai. Hoja hiyo ina ukweli. Kenya ilionja uchungu wa utegemezi pale ufadhili wa Marekani kwa huduma yake ya damu ulipomalizika mwaka 2019. Lakini ukarimu haujatupungukia. Baada ya shambulio la Agosti 7, 1998, wakazi wa Nairobi walijitokeza kwa wingi kutoa damu. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuwafanya warudi. Stockholm, kwa zaidi ya muongo mmoja sasa, humtumia mtoaji ujumbe mfupi wa simu damu yake inapotumika. Simu hizo tunazo.

Kigumu zaidi kununua ni imani. Msweden huiachia serikali habari za mwili wake kwa kuwa anatarajia zitumike kumtibu. Kwa wengi wetu tuliolazimika kuishi ughaibuni, faili la serikali lilikuwa chombo cha kumsaka mwananchi. Mtu anayeliogopa jina lake likiandikwa hataliacha kwa hiari katika daftari la benki ya damu, sembuse kurudi mwakani.

Serikali zetu zinapojenga hospitali mpya za saratani, basi, zinapaswa kujenga pia rejesta zinazolindwa na sheria dhidi ya matumizi mengine. Bila hizo, mgonjwa atapewa dawa, kisha afe akisubiri damu.