Usahaulifu wa umri wa hamsini: si jini, wala si mwanzo wa wazimu

Mwanamke wa miaka 49 anaingia jikoni, anasimama, hakumbuki alichofuata. Jina la jirani walioishi naye ukuta kwa ukuta linamponyoka. Usiku halali, mwili unamwaka moto hata kusi ikivuma. Nyumbani wanaanza kunong'ona: huyu asema ana jini, yule asema amefanyiwa, mwengine asema mama ameanza kurudi utotoni. Mara nyingi hakuna hata moja katika hayo. Hedhi inakatika, na ubongo nao unahisi.

Suala hili limepata kelele mpya tangu Novemba 2025, pale FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipotangaza kuwa dawa za homoni kwa wanawake wa umri huu zitaondolewa onyo kali lililokuwa likitaja saratani ya matiti, maradhi ya moyo na kupoteza akili uzeeni. Habari ya namna hii ikifika kwenye simu zetu hufika nusu. Wako watakaoelewa kwamba sasa homoni ni dawa ya ubongo. Sivyo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wanawake 4,532 wenye umri wa miaka 65 kwenda juu. Nusu walipewa vidonge vya homoni, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopoteza akili walikuwa 40 upande wa homoni, na 21 upande wa pili. Dunia ikashtuka, madaktari wakaacha kuziandika. Lakini wale walikuwa wanawake ambao hedhi ilikwisha koma miaka mingi. Tafiti za baadaye, kwa wanawake walioanza dawa mapema, hazikuona madhara hayo kwenye akili; hazikuona faida pia. Kwa hivyo dawa hizi ni za joto la mwili na usingizi uliovurugika, tena kwa ushauri wa daktari, maana mwenye historia ya saratani ya matiti au damu kuganda huenda zisimfae. Kuzinunua dukani kwa sababu shoga kasema, hapana.

Na ubongo unahisi nini hasa? Estrojeni, homoni inayotoka kwenye ovari, haishughuliki na uzazi peke yake. Husaidia seli za ubongo kutumia sukari kama nishati, na sehemu inayohifadhi kumbukumbu ina vipokezi vyake. Hedhi inapokaribia kukoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni hiyo hupanda na kushuka ovyo, kisha ikapungua kabisa. Usingizi ukikatika juu yake, kumbukumbu hutetereka. Utafiti mmoja wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi uliona kuwa uwezo wa kujifunza ulizorota kidogo katika kipindi hicho, halafu ukarudi baadaye. Hilo ndilo la kumwambia mama anayedhani amekwisha. Aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji akiwa bado kijana ana kesi tofauti: hatari yake ya kupoteza akili baadaye ni kubwa zaidi, na huyo hasa ndiye wa kumuona daktari kuhusu homoni.

Mwambao huu una somo wa kumfunda mwari anapovunja ungo, na wa kumfunda tena anapoolewa. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye wosia mzima mwaka 1858. Hedhi inapokoma hakuna anayemfunda mtu. Mwanamke hukaa na lake kimya, na mumewe hudhani amenuniwa.

Linalonitia wasiwasi mimi ni kwamba tutagombana juu ya homoni tusahau yaliyo mbele ya macho. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilihesabu mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa vya kupoteza akili duniani. Homoni haimo. Imo presha, imo sukari, kusikia na kuona kulikopungua bila kutibiwa, upweke, hewa chafu, na elimu ya utotoni iliyokatizwa. Soma orodha hiyo kisha mfikirie bibi wa Kizingitini: hakupelekwa skuli, amekula moshi wa kuni maisha yake yote, chai yake ni sukari tupu, mtoto wa jicho umemfunga na wanawe wamehamia Mombasa. Kumuona daktari wa macho kwake ni nauli ya boti mpaka Amu, tena pengine arudi siku nyengine.

Presha na sukari angalau hazihitaji safari. Septemba 2023 serikali ilizindua mikoba ya wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, na ndani yake mna mashine ya presha na kipimo cha sukari. Wakati wa kujadili bajeti ya kaunti, mwakilishi wadi wa Faza aulizwe: mhudumu wetu amelipwa, betri zipo, na vijiti vya kupimia sukari vililetwa lini mara ya mwisho?