Mnada wa Intaneti na Amana ya Mali

Ni jambo lisilofichika kwamba mnada wa intaneti umewafungulia wengi mlango wa biashara. Soko la eBay, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, huwakutanisha watu wasiojuana kabisa. Basi swali la msingi si bei tu, bali ni njia ya malipo.

Mlaghai hujulikana kwa ombi moja: atakupunguzia bei, mradi mmalizane nje ya mnada na fedha zitumwe kwa Western Union. Anayekubali amejivua kinga, kwani fedha zikishachukuliwa ni vigumu mno kuzirejesha. Mwaka 2017 Western Union yenyewe ilikubali kutoa dola milioni 586, kumaliza mashitaka ya kuwa iliwaacha matapeli wautumie mtandao wake. Hata katika PayPal, malipo yanayotumwa kana kwamba ni kwa rafiki au jamaa hayana ulinzi wa mnunuzi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tulipe ndani ya mnada ule ule, na tuhifadhi maandishi yote ya makubaliano. Mali ni amana, na kuilinda si woga. Muuzaji mkweli hachukizwi na njia salama. Anayechukizwa, tumwachie bidhaa yake.