Mateka wa nani, wangapi, na tangu lini? Utata wa maneno katika habari za mateka

Jioni moja ya Desemba 2023, hapa Nkuhungu jijini Dodoma, jirani yangu alipunguza sauti ya redio akaniuliza: "Mwalimu, huyo kijana wetu ameuawa leo, au aliuawa siku zile?" Habari ilimhusu mmoja wa Watanzania wawili waliokwenda Israel kujifunza kilimo kwa vitendo, wakakumbwa na shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba. Kwa maneno tuliyoyasikia, sikuweza kumjibu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwanzoni ilielezwa kwamba vijana hao hawajulikani walipo. Mwishoni mwa Oktoba Israel iliwataja kuwa miongoni mwa mateka. Novemba ilitangazwa kwamba mmoja amefariki dunia. Katikati ya Desemba Serikali ya Tanzania ikaarifu kwamba wa pili aliuawa mara tu baada ya kutekwa, na kwamba mwili wake unashikiliwa na Hamas. Mwili huo ulirejeshwa Novemba 2025.

Sasa tupime sentensi ya aina hii: "Mateka Mtanzania ameuawa Gaza." Si uongo. Lakini kiambishi -me- huonyesha tendo lililokamilika ambalo hali yake ingalipo, na lisipotajiwa wakati, msikilizaji hulidhania kuwa la karibuni. Kichwa cha habari "Mateka Mtanzania auawa" huzidisha dhana hiyo. Mzazi akisikia hivyo hufikiri kwamba mtoto alikuwa hai kwa miezi miwili, na huenda angeokolewa. Sentensi iliyo salama ni hii: "Imethibitika kwamba mateka Mtanzania aliuawa tarehe 7 Oktoba." Hapa -me- imebeba lililo jipya, yaani uthibitisho, na -li- imebeba lililopita, yaani kifo.

Utata wa pili ni wa idadi. Nomino *mateka* haibadiliki katika umoja na wingi. Itajapo watu huchukua upatanisho wa viumbe: *mateka huyu, mateka hawa*. Itajapo mali iliyotwaliwa vitani husemwa *mateka haya*. Hivyo "Hamas yaachilia mateka" haisemi kama aliyeachiliwa ni mmoja au ni wengi. Kiambishi cha mtendwa huondoa shaka: "yamwachilia mateka" ni mmoja, "yawaachilia mateka" ni zaidi ya mmoja. Mwandishi anayekiacha ili kufupisha kichwa cha habari huokoa silabi moja na kupoteza taarifa.

Utata wa tatu umo katika kihusishi cha -a. "Mateka wa Israel" ni Waisraeli walioshikwa, au ni watu walioshikwa na Israel? "Mateka wa Hamas" nayo huweza kusomwa kwa njia mbili. Uhusiano huo hubeba umiliki, asili na mahali kwa pamoja, na muktadha wa vita hautoshi kuutenganisha, kwa kuwa pande zote mbili hushika watu. Afadhali kuandika "mateka Waisraeli", au "watu wanaoshikiliwa mateka na Hamas". Vivyo hivyo, "mateka Mtanzania" ni wazi kuliko "mateka wa Tanzania".

Utata wa nne huhusu waliokufa. Kabla ya makubaliano ya Oktoba 2025 kutekelezwa, mateka waliokuwa bado Gaza walihesabiwa kuwa 48. Tarehe 13 Oktoba waliachiliwa 20 waliokuwa hai, na hesabu iliyobaki ilikuwa ya miili 28. Kuandika siku hiyo kwamba "mateka 28 hawajaachiliwa" ni kuwarudisha wafu katika uhai. Aliye hai *huachiliwa*, na mwili *hukabidhiwa* au *hurejeshwa*. Basi iandikwe "miili ya mateka 28".

Makubaliano hayohayo yanatupa mfano wa tano. Israel nayo iliwaachilia Wapalestina 250 waliokuwa wakitumikia vifungo, pamoja na wengine takribani 1,700 waliokamatwa Gaza wakati wa vita na kushikiliwa bila kushtakiwa. Kuwaita wote *wafungwa* ni kuwahukumu ambao mahakama haikuwahukumu. Kwa matumizi yetu, *mfungwa* ni aliyehukumiwa kifungo, na *mahabusu* ni anayewekwa rumande akingoja kesi. Asiye na kesi wala hukumu ataelezwa kwa maneno kamili: "anayeshikiliwa bila kushtakiwa". Ni marefu, lakini ni ya kweli.

Mfasiri anayepokea habari kutoka shirika la nje asianze kufasiri kabla ya kujua mambo manne: nani amemshika nani, ni wangapi, wako hai au la, na kila tendo lilitokea lini. Habari yenyewe isipoyataja, asiyajaze kwa kukisia, wala asichague umbo la kitenzi litakalomfanya msomaji akisie.

Siku ya pili, baada ya kuisoma taarifa ya Serikali, nilimwambia jirani yangu: "Aliuawa tarehe ileile, mama. Tumejua jana." Akanyamaza, kisha akasema: "Basi wangesema hivyo."