Kiswahili kimeishia Mgongo wa Tembo

Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA, Arusha

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia kutoka Michenzani, Unguja, ghorofa ya nne, jumba lisilo na lifti. Najua utajiuliza, Mzanzibari na milima wapi na wapi? Maliasili si mambo ya Muungano, huku tuna misitu yetu na wasimamizi wetu, na mahali petu pa juu kuliko pote, Masingini, hapafiki hata mita 150. Nivumilie kidogo.

Mwaka jana nilipanda Meru. Nilijifua miezi mitatu kwenye ngazi za jumba letu, begi mgongoni, ndani madumu mawili ya maji ya lita tano tano. Watoto walinihesabia safari. Wakubwa walinionea huruma, na jirani mmoja akaniuliza imekuwaje maji yakatike kwangu peke yangu. Koti nililipata kwenye mitumba ya Darajani, zito, la kijani, kwenye joto la Februari, muuzaji akanitazama kama anayemuuzia mgonjwa.

Kwa nini Meru na si Kilimanjaro? Kilimanjaro nimeisikia tangu skuli ya msingi, na kila aliyepanda anakuja na habari ya foleni ya taa za kichwani usiku. Mimi nilitaka mlima ambao mtu anasikia pumzi zake mwenyewe. Wakala mmoja mjini Arusha, jina lake naliacha, alicheka nilipomwambia. "Meru ni mazoezi tu, bro. Mlima ni ule kule." Neno hilo, mazoezi, nitalirudia, kwa sababu naona ndipo lilipo shina la haya ninayokuandikia.

Tulitoka lango la Momella, mita 1,500 hivi juu ya bahari. Mbele alitangulia askari wa hifadhi na bunduki begani, maana huko chini mbogo wapo na hawana adabu. Twiga walitutazama kwa juu, kama wapangaji wa ghorofa ya saba. Tukapita kwenye ule mkuyu mkubwa wenye uwazi katikati, uwazi wa kupita gari, kisha msitu ukatufunika, mbega wakiruka juu kwa juu. Usiku wa kwanza tulilala Miriakamba, mita 2,514.

Asubuhi ya pili ndipo nilipocheka peke yangu. Kutoka Miriakamba njia inapanda kwa ngazi. Ngazi, Mheshimiwa, za mbao, zimepigwa ardhini moja baada ya moja, mamia kwa mamia. Nikajiambia nimetoka Michenzani kuja Michenzani. Tukapumzika Topela Mbogo, jina linalojieleza lenyewe, tope na mbogo. Mbele zaidi tukafika Mgongo wa Tembo, na kweli, ukisimama pale unaona ardhi imejikunja kama mgongo wa mnyama aliyelala. Nikafurahi. Aliyepaita jina hili alikuwa amesimama hapa, akatazama, akasema alichokiona.

Baada ya hapo Kiswahili kikaisha.

Kibanda cha mita 3,570 kinaitwa Saddle Hut. Kilele kidogo cha mita 3,820, tulichopanda jioni ili mwili uzoee, ni Little Meru. Saa saba na nusu usiku tukaanza kupanda tena, tukafika Rhino Point, na hapo kijana niliyekwenda naye akatapika mara mbili, kichwa kinampasuka. Mwongoza njia akamshusha bila ya mjadala, na alifanya sawa. Mimi na askari tukaendelea. Kutoka pale ni ukingo wa kreta, mwamba mtupu mahali pengine, unashika kwa mikono, na upande mmoja ukuta unashuka zaidi ya mita 1,000. Gizani huoni shimo, unasikia tu upepo ukitoka chini badala ya pembeni. Cobra Point. Kisha mawe, mawe, majivu, mawe.

Jua lilipochomoza lilitokea nyuma ya Kilimanjaro. Chini yetu, ndani ya kreta, kimesimama kile kilima cha majivu, kikavu, kimechongoka. Mlima huu ulilipuka mara ya mwisho 1910, na maelfu ya miaka nyuma ubavu wake wote wa mashariki uliporomoka, ndiyo maana kreta iko wazi kama bakuli lililovunjika upande. Nilikaa juu ya jiwe vidole haviwezi kufunga zipu. Mwenye kuuita mlima huu mazoezi aje aniambie akiwa amekaa pale.

Kwenye kibao cha kileleni nikasoma: Socialist Peak.

Nilirudi na picha. Jioni moja kwenye ngazi, watoto wangu wa kuhesabu wakaishika simu, mmoja akasoma kwa shida, so-shi-a-li-sti, akauliza ndiyo nini. Sikuwahi kujibu. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili, aliyehamia jumba hili lilipokuwa bado linanuka saruji mbichi, akaomba aelezwe. Nikamwambia, ni ujamaa, bibi, Kilele cha Ujamaa. Akapiga ukuta kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayepapasa ng'ombe wake. "Si huu hapa," akasema.

Majumba haya, Mheshimiwa, yalianza kujengwa wakati wa Mzee Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ili mtu wa mitaa ya Ng'ambo aliyezaliwa kwenye nyumba ya udongo akae ghorofani. Yana lawama zake, mabomba yakiwa ya kwanza. Lakini ukimwuliza bibi yule ujamaa ni nini, hatakupa hotuba. Atakuonesha mlango wake. Huko kwenu neno hilo lilikuwa la Azimio la Arusha, 1967, na mwaka huohuo Meru ikaingizwa kwenye hifadhi. Zilikuwa siasa za vyama viwili, TANU kwenu na Afro-Shirazi kwetu, ila neno lilivuka bahari. Sitaki kuanzisha ubishi kama ujamaa ulifaa au haukufaa. Kila mtu ana babu yake wa kumwuliza. Ninachosema ni kwamba neno hili tulilitunga sisi, kutokana na jamaa, na dunia ikalijifunza kutoka kwetu. Wageni wanaandika ujamaa kwenye vitabu vyao bila ya kulitafsiri. Tukalitafsiri sisi, tena juu ya mlima wetu wenyewe.

Itazame Kilimanjaro. Kilele chake Wajerumani walikipa jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm. Usiku wa uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akapandisha mwenge huko, na kilele kikaitwa Uhuru. Hakuna aliyethubutu kukiita Freedom. Mgeni kutoka Chicago au Tokyo anajikongoja hadi juu na anatamka Uhuru vizuri kabisa, tena akilia. Meru hawakuitendea hivyo kwa kuwa ni mazoezi, na mazoezi hayaandikiwi jina.

Naomba mambo mawili. La kwanza, kibao cha kileleni kiandikwe KILELE CHA UJAMAA, kwa herufi kubwa, na Kiingereza kikae chini yake kwa herufi ndogo kwa anayekihitaji. Vituo vya chini yake mtakavyoona nyinyi. Mie naona Kifaru si jina baya. La pili, amueni urefu. Nimeona 4,562 na nimeona 4,566. Mita nne ni ghorofa nzima ya jumba letu na chenji inabaki, na watoto wananidai jibu, kwa sababu wamepiga hesabu kwamba kutoka Momella nilipanda ghorofa elfu moja na wanataka kujua kama waongeze moja.

Gharama isiwe kikwazo. Nyuma ya jumba letu yupo seremala anayechonga milango, na ana kipande cha mvule kilichokauka vizuri. Boti hadi Dar, basi hadi Arusha, nitakibeba. Kutoka Momella wapagazi wataniacha mbali, najua, lakini kwenye ngazi za Miriakamba nitaomba nikishike mwenyewe.

Nitumie vipimo tu.

Mkaazi wa ghorofa ya nne,
Michenzani, Unguja