Ozoni si Anasa

Wako watu wasemao kwamba maji yakisha kuchujwa na kutiwa klorini, kazi imekwisha, na atakaye zaidi ya hapo ataka anasa. Kauli hiyo huwapendeza sana watunza hazina. Ningependa waichukue hadi Milwaukee, mji ulio kando ya Ziwa Michigan katika nchi ya Marekani, wakawaambie wenyeji wake.

Mwezi wa Machi na Aprili, 1993, maji ya mji huo yalichujwa, yakatiwa klorini, yakatimiza kanuni zilizokuwapo wakati ule. Hata hivyo, yakadiriwa kuwa watu 403,000 walishikwa na ugonjwa wa kuhara. Wengi wa waliokufa ni wale ambao miili yao ilikwisha kudhoofishwa na UKIMWI. Adui alikuwa kriptosporidiamu, kimelea asiyeonekana kwa macho, ambaye hujifungia ndani ya gamba gumu. Klorini, iuayo vijidudu vya kipindupindu kwa wepesi, humpitia huyu kama mvua ipitavyo juu ya kobe.

Sasa tuitazame ozoni. Ni oksijeni ile ile tuivutayo, ila atomu zake ni tatu badala ya mbili. Hufanywa kwa kupitisha umeme katika hewa kavu, kisha hububujishwa majini, ikalishambulia gamba na kumwua aliyejificha ndani. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kusafisha maji yake kwa ozoni mwaka 1906. Milwaukee uliianza 1998, baada ya mazishi. Miaka tisini na miwili!

Wapinzani hujibu kuwa ozoni haidumu majini, tena ni ghali. La kwanza ni kweli, na ndiyo sababu klorini kidogo hutiwa mwishoni ili iyalinde maji yakiwa safarini mabombani. Dawa hizi mbili ni wenzi, si mahasimu. Nakiri pia kwamba ozoni ni sumu ikivutwa, na mitambo yake yataka mafundi hodari na umeme usiokatika. Kijiji kisicho nayo na kichemshe maji, kwani moto nao humwua kimelea huyo.

Lakini ughali? Bei ya mtambo huandikwa daftarini, nayo huonekana kubwa. Siku za kazi zilizopotelea kitandani, na usiku wa mama amwuguzaye mtoto, hazina daftari, kwa hiyo huhesabiwa kuwa bure. Mhasibu huyo na atuambie ni nani aliyezilipa Milwaukee.