Kazi Bila Daftari

Kila wiki ukurasa huu humpa msomaji hali ya mahindi, mchele, viazi na maharage. Wiki hii tunaomba nafasi tuseme neno juu ya bidhaa nyingine inayouzwa kila siku hapa Mbalizi, nayo haipimwi kwa gunia wala kwa debe. Bidhaa hiyo ni kazi ya mtu. Kama mazao, kazi nayo ina daraja la kwanza na la pili, ina mnunuzi anayepunja na muuzaji anayechanganya pumba na mchele.

Msomaji akipita kando ya barabara kuu iendayo Tunduma mapema asubuhi, atawaona wauzaji wa bidhaa hii wakiwa wamekwisha kufika sokoni: makuli wa kupakia malori, utingo, makarani wa ghala, vijana wa mashine za kukoboa, mafundi wa gereji na wauza maduka. Baada ya miaka mitano, mmoja wao atakuwa bado anapokea ujira ule ule alioanza nao. Mwenzake, aliyeanza naye siku moja, atakuwa ndiye anayeshika funguo za ghala. Tofauti hiyo inatokana na nini?

Jibu la haraka ni undugu. Watasema yule ni mtoto wa shangazi yake tajiri. Hatukatai, jambo hilo lipo na linaudhi. Lakini tajiri mwenye akili hampi mpwa wake funguo za ghala ikiwa kila lori linalotoka linapungukiwa. Maoni yetu ni kwamba yapo mambo mawili yanayompandisha mfanyakazi wa kawaida, na mengi ya hayo yamo mikononi mwake: kwanza, kutulia katika kazi aliyonayo, pili, kuwa na ushahidi wa maandishi kwamba aliifanya.

Hesabu ya gunia moja

Tuchukue mfano, na bei hizi ni za mfano tu, si za soko la wiki hii. Lori limepakia tani 30 za mahindi, yaani magunia 300 ya kilo 100. Mfanyabiashara anategemea faida ya shilingi 2,000 kwa kila gunia, jumla shilingi 600,000. Karani amekosea kuhesabu, magunia matatu yamebaki, na mnunuzi amelipia kile alichopokea. Kabla tajiri hajagundua, magunia hayo yamekwisha kupata mwenyewe. Ikiwa kila gunia ni shilingi 80,000, hasara ni shilingi 240,000. Kosa la gunia moja katika kila mia limekula asilimia 40 ya faida yote ya safari.

Karani mwenyewe huliona kosa hilo kuwa dogo. "Si matatu tu, bosi?" Tajiri haoni matatu, anaona karibu nusu ya safari imepotea. Ndiyo maana mtu anayeweza kuhesabu magunia 300 bila kukosea, leo, kesho na keshokutwa, ana thamani kubwa kuliko anavyodhani.

Mwandishi wa safu hii analisema hili kwa uchungu wa kulipitia. Katika ujana wake aliwahi kushika kalamu katika ghala moja, akihesabu kwa kupiga mistari mitano mitano. Siku moja, katikati ya kupakia, akaja rafiki na habari za mechi ya Simba na Yanga. Tulicheka kidogo, nikarudi kwenye karatasi, na nikaanzia fungu lisilo lake. Mzigo ulifika pungufu magunia manne. Nilikatwa mshahara miezi miwili, na hilo lilipita. Lililoniuma zaidi ni kwamba tangu siku hiyo tajiri alisimama nyuma yangu akihesabu upya. Karani anayehesabiwa nyuma yake si karani tena, ni kuli mwenye kalamu.

Nini kinatutoa kazini

Siku hizi rafiki wa kuleta habari za mpira hahitaji kuja ghalani. Yumo mfukoni, ndani ya simu, pamoja na harusi, misiba, vikundi vya michango na utani wa mjini. Hatusemi mtu aitupe simu yake, kwa sababu hata bei ya mazao huja kwa simu. Tunasema simu isishikwe wakati mzigo unapanda. Waambie watu wa nyumbani saa zako za mapumziko, nao watazizoea.

La pili ni madeni. Mikopo ile inayoitwa kausha damu imewaharibu vijana wengi wazuri. Mtu anayedaiwa marejesho ya kila siku hana akili ya kuhesabu gunia, masikio yake yako mlangoni akisubiri mdai atokee. Na tajiri akimwona hivyo anaanza kuogopa, pengine bila haki, kwamba kijana atagusa sanduku la fedha.

La tatu ni biashara za pembeni. Mshahara hautoshi, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa kufuga kuku au kulima viazi. Ila mradi wa jioni ubaki wa jioni. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi inayomponyoka ndiyo ile iliyokuwa inamlisha.

Utulivu wenyewe hujengwa kwa taratibu ndogo. Hesabu kwa sauti pamoja na kuli, ili wawe wawili wenye kumbukumbu. Usisimame katikati ya fungu. Ukiitwa, malizia fungu, andika, ndipo uitike. Funga hesabu kabla turubai halijafungwa. Na upumzike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha kawaida cha saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Tajiri anayemnyima karani saa hiyo anajinunulia makosa ya alasiri.

Daftari la mfanyakazi

Sasa tufike kwenye jambo la pili, ambalo wengi hulisahau. Wafanyabiashara wana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi nayo ni hivyo hivyo.

Wazee wa Mbeya wanakumbuka Tume ya Kurekebisha Mashirika ya Umma iliyoundwa mwaka 1992, na kilichofuata nchi nzima: viwanda kuuzwa, vingine kufungwa, watu kupunguzwa. Walirudi mitaani mafundi waliojua mashine kwa kusikia mlio wake tu. Lakini mwajiri mpya hausikii mlio huo, yeye huomba karatasi. Fundi aliyekuwa na cheti cha majaribio ya ufundi alikuwa na pa kuanzia. Aliyekuwa na miaka 20 ya kazi bila kipande cha karatasi alilazimika kujieleza upya kama kijana aliyemaliza shule jana.

Kijana wa gereji wa Mbalizi asirudie kosa hilo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi mitaani bila kupita chuoni, na chuo chake kipo Mbeya mjini, mwendo wa daladala. Nenda ukaulize masharti. Cheti hicho hakikufundishi ufundi unaoujua tayari, bali kinamwambia mtu asiyekujua kwamba unaujua.

Karani naye aanze na daftari la shilingi chache. Aandike tarehe, aina ya mzigo, idadi aliyopakia, idadi iliyopokelewa, na tofauti kama ipo. Baada ya mwaka mmoja, siku ya kuomba nyongeza, asiende kwa tajiri na shida za kodi ya nyumba, kwa maana kila mtu anazo. Aende na daftari na kusema: "Mzee, malori ni haya, na upungufu ni huu." Huyo ni mtu anayeuza bidhaa iliyopimwa.

Na siku ya kuachana, kwa heri au kwa ugomvi, akumbuke kwamba sheria ile ile ya 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokwisha. Wengi huondoka kwa hasira wakakiacha. Hasira hupoa, lakini cheti kilichoachwa hakiletwi nyumbani.

Neno kwa matajiri

Tusiwaonee wafanyakazi peke yao. Tajiri anayetaka umakini wa daraja la kwanza kwa ujira wa pumba atauona ukihamia kwa jirani. Asiyeandika mkataba, anayelipa leo na kuruka mwezi ujao, anayempandisha shemeji asiyejua kusoma mizani, huyo anawafundisha vijana wake kwamba utulivu haulipi. Nao ni wepisi wa kujifunza.

Lakini kijana asingoje tajiri abadilike ndipo atulie. Tajiri huyu anaweza asikulipe thamani yako, ila ghala za Mbalizi zimepakana na madereva wanazungumza. Jina la karani asiyekosea husafiri na malori, likafika Uyole na Tunduma kabla yake.

Bei za mazao tutaendelea nazo wiki ijayo kama kawaida.