Mwenye Biashara, Unasema na Nani?

Vijana wengi wanaoanza biashara wananiuliza namna ya kutangaza kazi yao. Mimi ninawajibu kwa ulizo lingine: unataka kusema na nani, na yule mtu anahitaji kujua nini?

Tuangalie kampuni moja kubwa kule Walikale. Tarehe 13 Machi 2025, vita ilipokaribia, Alphamin ilitangaza kwamba inasimamisha kwa muda kazi yake ya Bisie. Machimbo yale si madogo: mwaka wa 2024 yalitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, karibu sehemu 6 kwa 100 ya bati ya dunia nzima. Tangazo lilikuwa fupi. Lilisema ni kazi gani inasimama, wafanyakazi gani wanaondoka, na kwamba wachache watabaki kwa ulinzi na matengenezo. Bei ya bati ikapanda London. Tarehe 9 Aprili, kisha waasi wa M23 kutoka mji wa Walikale, tangazo lingine likasema kazi itarudia polepole.

Matangazo yale yalitazama kwanza wenye hisa, maana hisa za kampuni zinauzwa Toronto na Johannesburg. Hiyo ni haki yao. Lakini mama anayeuza maharagi Njingala hasomi karatasi ya Toronto, na yeye pia anaishi kwa machimbo yale. Kwake habari inapita kwa mwenye pikipiki, kisha kwa jirani, na kila mmoja anaongeza chumvi yake. Tangazo lililo zuri kwa mtu mmoja linaweza kuwa kimya kabisa kwa mwingine.

Sasa turudi kwetu Masisi, kwa mwenye kufanya fromaji. Ukimuuliza watu wake ni akina nani, atasema: wanunuzi wa Goma. Je, wafugaji? Wao ndio wanamletea maziwa kila asubuhi, mara nyingi kwa deni, wakingoja fromaji iuzwe. Barabara ya Sake na Goma ikikatwa, mfugaji anaona tu mlango umefungwa. Ataanza kuwaza: amekimbia na feza yetu? Kesho yake watu wote pale kilimani watakuwa wanasema hivyo, na hata barabara ikifunguka, maziwa yamekwenda kwa mwingine. Maneno matatu yangetosha: fromaji iko stoo, haijauzwa, deni lako ni hili, limeandikwa, siku ya soko nitakueleza tena. Hata kama siku ile huna la kulipa, uende. Ukikosa kwenda, ahadi ya kwanza imekufa.

Kwa hiyo andika katika daftari, wakati wa amani, watu wote wanaoguswa na kazi yako: wanunuzi, wenye kukuletea mali, wafanyakazi, chifu, wenye nyumba ya kupanga. Kando ya kila jina andika atapata habari kwa njia gani na kwa luga gani. Mwingine atakuelewa vizuri kwa Kihunde au Kinyarwanda kuliko kwa Kifaransa cha kibao chako. Redio inafika mbali, lakini bei yako ya leo haitaki redio, inataka soko.

Na matangazo ya kanisani, jamani! Tunapokea kikaratasi: “Kuna mashini ya kusaga, karibuni wote.” Iko wapi? Inafungua saa ngapi? Debe moja bei gani? Mzee wa kanisa anasoma kwa sauti kubwa, na hakuna mtu anayejua aende wapi na mahindi yake.

Tena kijana mwenye simu asiharakishe kutuma “tumefunga” kwa WhatsApp wakati dereva angali njiani na mfanyakazi hajaambiwa.